Kipimo cha neva au kipimo cha sindano: uanze na kipi?

Mama mmoja muuza maandazi aliingia kwenye chumba chetu cha mazoezi ameshika fomu aliyoikunja mara nne. Daktari alikuwa ameandika vipimo viwili kwenye mstari mmoja: NCS, ndicho cha neva, na EMG, ndicho cha sindano. Dirisha la malipo walikuwa wamemtajia bei ya kila kimoja, na hela aliyokuwa nayo ilitosha kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe, kati ya hivi viwili nikiache kipi?"

Nikamuuliza vidole gani vinakufa ganzi. Akanionyesha gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kizima. Inamsumbua zaidi saa ngapi? Usiku, inamwamsha. Na akiamka anafanyaje? Hakunijibu kwa maneno. Aliukung'uta mkono hewani kama mtu anayekausha maji, na hapo nikawa nimeshapata nusu ya jibu. Nikamshauri arudi kwa daktari kabla ya kulipa, amuulize kama kile cha neva kinaweza kutangulia na cha sindano kisubiri. Daktari akakubali.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na swali la mama huyu nalisikia karibu kila wiki. Vipimo hivi viwili huandikwa pamoja, mara nyingi hufanyika chumba kimoja kwa mashine moja, na mitaani vyote vinaitwa "kipimo cha shoti". Mwenye hela ya vyote viwili, na daktari ameona vyote vinahitajika, avifanye vyote, kwa sababu kimoja humalizia sentensi ya mwenzake. Ninaowaandikia hapa ni wale wanaolazimika kutanguliza kimoja, na wale waliokwishapima wakapewa karatasi yenye neno "kawaida" huku mkono bado haunyanyuki.

Kinachopimwa

Kipimo cha neva, NCS, hufanyika juu ya ngozi. Unabandikwa elektrodi, yaani vibandiko vya kunasa umeme, kisha mpimaji anaishtua neva kwa umeme mdogo unaodumu milisekunde 0.1 au 0.2. Unaruka kidogo, kidole kinacheza chenyewe, basi. Mashine inaandika mambo mawili ya msingi: umeme umekimbia kwa kasi gani, na mwitikio uliofika ni mkubwa kiasi gani. Mkononi, kwa mtu mzima mwenye afya, kasi huwa mita 50 kwa sekunde au zaidi. Mguuni, mita 40 au zaidi. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kasi hii kwenye neva ya chura mwaka 1850, wakati wasomi wengi waliamini haipimiki kabisa, akakuta ni mita 27 hivi kwa sekunde. Tunachofanya leo kwenye kiganja cha muuza maandazi kinatokana na wazo lile lile.

Ichukue neva kama waya wa umeme wa nyumbani. Ndani kuna shaba, ambayo ni aksoni. Nje kuna ganda, ambalo ni mielini. Ganda likichubuka, kasi inashuka au umeme unakwama njiani. Shaba yenyewe ikikatika, mwitikio unakuwa mdogo au unapotea. Tofauti hii ndiyo inayoamua utasubiri muda gani upone. Ganda hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Shaba huota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka begani hadi vidoleni hesabu yake ni ya miaka.

Kipimo cha sindano, EMG, ni kazi nyingine. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye msuli. Haipigi shoti wala haiingizi dawa. Inasikiliza tu, na wagonjwa wengi wanashangaa wakiambiwa hivyo. Sindano ya aina inayotumika mpaka leo ilielezwa na Adrian na Bronk mwaka 1929. Mashine ina spika, na mpimaji mzoefu anatumia masikio sawa na macho. Msuli mzima uliopumzika hukaa kimya. Msuli ulioachwa na neva yake hutoa mlio wa matone ya mvua juu ya bati. Kuna ugonjwa wa misuli kukaza na kuchelewa kuachia ambao mlio wake unapanda na kushuka kama pikipiki inayovutwa mafuta. Halafu unaambiwa kaza taratibu: mawimbi yakiwa makubwa lakini machache, neva zimepungua na zilizobaki zimebeba kazi ya wenzake, yakiwa madogo na mengi kupita kiasi, msuli wenyewe ndio unaumwa.

Kwa hiyo cha neva kinakagua waya, na cha sindano kinakwenda mwisho wa waya kuuliza taa inasemaje. Kuhusu maumivu, wagonjwa wangu wamegawanyika. Wapo wanaochukia shoti, wapo wanaochukia sindano, na karibu wote wanasema walichokuwa wanakiogopa kilikuwa kibaya kuliko kilichotokea.

Ganzi ya mkono na miguu

Kwa ganzi ya vidole kama ya yule mama, naanza na cha neva bila wasiwasi. Neva ya mediani hubanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono, na kipimo kinaweza kuonyesha mahali penyewe: umeme unakuja vizuri kutoka kiwikoni, ukifika kifundoni unazubaa. Mpimaji makini hulinganisha na neva ya alna ya mkono huo huo, inayopita jirani bila kubanwa. Sindano inaongeza thamani pale nyama ya chini ya gumba imeanza kusinyaa, au shingo nayo inauma na daktari anashuku chanzo kiko juu zaidi. Siku hizi ultrasaundi nayo inasaidia, maana neva iliyobanwa huvimba kabla ya kuingia kifundoni na inaonekana. Haishtui wala haichomi, ila haikuambii neva inafanya kazi kiasi gani.

Hapa kuna kosa dogo linaloharibu majibu mengi: mikono ya baridi. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua huipunguzia neva kasi ya takriban mita 2 kwa sekunde. Mtu amekaa saa nzima chini ya kiyoyozi, anaingia kupimwa, anatoka na ugonjwa ambao hana. Ngozi ya mkono inatakiwa iwe na nyuzi 32 au zaidi. Ukiona mpimaji hajagusa mkono wako kujua joto lake, mwambie kwa heshima kwamba mikono yako imepoa. Usipake mafuta wala losheni siku hiyo. Mwitikio wa neva za hisia hupimwa kwa maikrovolti, kitu kidogo sana, na ngozi yenye mafuta inauficha.

Miguu inayowaka moto ni jambo jingine, na hapa ndipo naona hela nyingi zikipotea. Mwenye kisukari cha miaka mingi anayeanza ganzi kwenye nyayo, miguu yote miwili, ikapanda taratibu, mara nyingi hahitaji mashine kujulikana. Daktari mwenye uzi wa nailoni wa kugusia nyayo na uma wa chuma unaotetemeka anaweza kutosha. Hali kadhalika mgonjwa wa TB anayetumia isoniazidi bila vitamini B6 akaanza kuhisi wadudu wanatembea miguuni: kinachotakiwa haraka ni kumwambia aliyekuandikia dawa. Kipimo cha neva kinafaa pale hali haifuati desturi: ganzi imeanza mikononi, au upande mmoja, au udhaifu unakimbia mbele ya ganzi.

Na kuna wale wanaopimwa wakaambiwa neva ni nzima ilhali wanalala miguu nje ya shuka kwa kuungua. Wanaonekana waongo nyumbani kwao. Kipimo hiki huona nyuzi nene tu za neva, zile za mguso na mwendo. Nyuzi nyembamba zinazobeba joto na maumivu hazionekani humo kabisa, na sindano haizioni pia. Jibu la "kawaida" halimfungi mtu huyu mdomo. Arudi kwa daktari aseme bado anaungua.

Shingo na mgongo

Diski, ule mto mdogo ulio kati ya pingili za mgongo, ikibana mzizi wa neva kwenye uti wa mgongo, mguu unakufa ganzi, lakini kipimo cha neva za hisia kinatoka safi. Si kosa la mashine. Seli mama ya neva ya hisia hukaa kwenye kifundo kidogo kilicho nje kidogo ya uti. Kinachobanwa kiko ndani zaidi ya hapo, kwa hiyo kuanzia seli hadi kidoleni waya bado mzima. Hapa sindano ndiyo yenye kauli: inatafuta mlio wa mvua kwenye misuli inayotumia mzizi mmoja ingawa neva zake ni tofauti, pamoja na misuli inayokaa kando ya uti. Ila maumivu matupu yasiyo na udhaifu yanaweza kuipita hata sindano.

Wengi huuliza kama MRI haitoshi. MRI ni picha. Inaonyesha diski iliyochomoza, na diski zilizochomoza zinapatikana hata kwa watu wasioumwa chochote. Picha ikikubaliana na dalili, vipimo vya umeme vinaweza kuachwa. Picha ikionyesha diski tatu na daktari hajui ipi ina hatia, au mguu unalegea na picha ni nzuri, ndipo sindano inapolipa gharama yake.

Ajali, na hesabu ya siku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu limetokea nyumbani kwetu.

Kaka yangu alianguka na bodaboda, akatua kwa bega la kulia, shingo ikavutwa upande wa pili. Mkono mzima ukalegea. Siku ya nne alipimwa neva, cha sindano hakikufanyika. Karatasi ikasema neva za mkono ni kawaida. Tulifurahi siku hiyo. Baada ya wiki furaha ikageuka: kama neva ni nzima, mbona haunyanyui? Mjomba akawa anamwambia ajikaze. Mama akawa anamwombea. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na nikasema maneno ambayo mpaka leo yananiuma: nilimwambia labda anaogopa.

Ukweli ni kwamba neva ikikatika begani, kipande cha chini hakifi siku hiyo. Kinakufa taratibu. Ukikishtua kifundoni siku ya nne, bado kinapitisha umeme, kidole kinacheza, mashine inaandika namba nzuri. Mwitikio wa misuli huporomoka kufikia siku ya 7 hivi, wa hisia kufikia siku ya 10 au 11. Mlio wa mvua kwenye sindano nao unachelewa: siku 10 hadi 14 kwa misuli iliyo karibu na palipoumia, wiki 3 au 4 kwa iliyo mbali. Ndiyo maana baada ya jeraha la neva wiki ya tatu au ya nne ndiyo hutoa majibu ya kutegemewa. Kupima mapema si haramu, maana daktari anaweza kutaka kitu cha kulinganishia baadaye, lakini "kawaida" ya siku ya nne isisomwe kama hukumu.

Wiki ya nne alipimwa vyote viwili. Mwitikio wa misuli ulikuwa umeshuka sana, na sindano ilipoingia begani chumba kizima kilisikia mvua. Neva za hisia nazo zilikuwa zimeshuka. Nilipoona hilo moyo ulizama, lakini daktari akasema hilo ndilo alilokuwa analiombea. Mkono ulio ganzi kabisa huku neva zake za hisia zinapimika vizuri maana yake mzizi umeng'oka kwenye uti, ndani ya ile seli mama niliyoitaja, na hauungiki. Za kaka zilikuwa zimekufa kwa sababu palipokatika ni nje ya seli, mahali ambapo mpasuaji anaweza kufika. Misuli ya kando ya shingo nayo ilikuwa kimya, ikathibitisha. Alipasuliwa mwezi wa nne tangu ajali. Muda huo haukuwa wa kuchezea, maana msuli uliokaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva haurudi tena. Mwaka uliofuata alikunja kiwiko mwenyewe.

Linganisha na mtu aliyelalia mkono usiku mzima akaamka kiganja kinaning'inia. Neva ya radiali imebanwa kwenye mfupa wa juu wa mkono. Akipimwa wiki ya pili, ukishtua chini ya palipobanwa mwitikio ni mzuri, ukishtua juu yake umeme haupiti. Shaba nzima, ganda limeumia. Huyu anapewa kifaa cha kushikilia kiganja na mazoezi, na kwa kawaida anapona ndani ya wiki kadhaa. Kiganja chake na cha kaka vilining'inia sawasawa. Kwa macho usingewatofautisha.

Udhaifu usio na ganzi

Mtu akilegea bila kupoteza hisia, sindano inapanda daraja. Ugonjwa wa misuli yenyewe, au wa seli za uti zinazoendesha misuli, unaweza kuacha kipimo cha neva kikiwa karibu safi. Kwa huo wa seli za uti, mpimaji atachoma mikono, miguu, mgongo, pengine hata ulimi, maana anatafuta mlio huo huo sehemu zisizohusiana. Ni kipimo kirefu, na mgonjwa aambiwe mapema.

Lakini kope zinazoanguka jioni, sauti inayozama katikati ya maongezi, mtu anayetafuna nusu ya chakula akachoka: hapo daktari anawaza miasthenia, ugonjwa ambao ujumbe wa neva hauufikii msuli vizuri, na NCS ya kawaida pamoja na EMG ya kawaida vinaweza kuipita. Kinachotakiwa ni kipimo cha tatu kinachojificha kwenye mashine hiyo hiyo, cha kushtua neva mfululizo mara 2 au 3 kwa sekunde na kuangalia kama mwitikio unapungua. Ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10, kuna jambo. Hakikisha fomu imekitaja. Anayetumia piridostigimini, dawa ya ugonjwa huo, huambiwa aiache saa 12 hivi kabla, kwa ruhusa ya daktari tu, kwa sababu kuna ambao kuiacha ni hatari.

Kuna hali moja ambayo sitaki mtu apange foleni ya kipimo chochote. Miguu imelegea ghafla, ndani ya siku chache udhaifu unapanda mikononi, pengine wiki kadhaa baada ya kuharisha au mafua: nenda hospitali leo. Huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Vipimo vya umeme wiki ya kwanza vinaweza kuwa safi, na matibabu hayavisubiri.

Na kuna hali ambayo vyote viwili havina la kusema. Konzo, ule ulemavu wa miguu unaotokana na kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa ipasavyo, ulioelezwa na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938 na ukaja kuchunguzwa pia Tarime, Tanzania, hukakamaza miguu. Unaharibu njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, mbali kabisa na neva za mguuni. Kwa miguu mikakamavu ya namna hiyo sindano kwa kawaida itasikia ukimya, na hela ya kipimo ingefaa kazi nyingine.

Kabla ya kulipa

Mwenye betri ya moyo, yaani pesimeka, aseme mapema. Mara nyingi kipimo kinafanyika bado, kwa tahadhari. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme pia, maana suala lake liko kwenye sindano zaidi kuliko kwenye shoti. Usiache dawa hiyo kwa uamuzi wako.

Na fomu iangalie. Fomu iliyoandikwa "NCS/EMG" peke yake inamwacha mpimaji akibahatisha. Iliyoandikwa "ganzi ya vidole vitatu vya mkono wa kulia, miezi 5, je, neva ya mediani imebanwa?" inampa swali la kujibu, naye anaweza kuongeza au kupunguza kipimo papo hapo kulingana na anachokiona. Muombe daktari aandike swali. Muombe aandike tarehe ya ajali kama ilikuwepo. Karatasi ya kaka ya siku ya nne haikuwa na tarehe hiyo.

Yule mama wa maandazi alirudi na jibu lake. Umeme ulichelewa kuvuka kifundoni mikono yote miwili, wa kulia zaidi, ila ukubwa wa mwitikio ulikuwa bado mzuri. Tulimtengenezea kifaa cha kuvaa usiku kinachonyoosha kifundo, tukakubaliana binti yake akande unga kwa muda. Wiki ya sita aliniambia analala mpaka adhana ya alfajiri. Ile nusu ya fomu iliyoandikwa EMG bado iko kwenye faili lake, haijalipiwa.